Skrini ya Pili Iliyochelewa kwa Fremu Nne

Mwezi wa Februari nilirudishiwa video ya harusi ambayo nilikuwa na hakika nayo kuliko kazi nyingine yoyote niliyoikamilisha msimu ule. Aliyeirudisha ni shangazi ya bibi harusi, mama wa makamo ambaye ndiye aliyesimamia malipo, na alinipigia simu jioni akaniuliza kwa upole mwingi, "Kijana wangu, mbona padre anafumba mdomo kwanza ndipo neno linatoka?" Nilimjibu, "Pole sana, Mama, labda ni simu inayokwama," nikaliamini jibu langu kwa muda wa saa moja hivi. Usiku niliifungua faili ile, nikavaa vipokea sauti vya masikioni, nikaona kwamba sauti yote ya ibada ilikuwa nyuma ya picha kwa fremu nne kamili, yaani picha nne kati ya zile zinazopita mfululizo kuunda video. Kamera hazikuwa na kosa, na kinasa sauti hakikuwa na kosa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeisogeza sauti ile, kwa makusudi na kwa uangalifu, huku nikiitazama midomo ya padre kwenye kishikwambi nilichokuwa nimekigeuza kuwa skrini ya pili wiki tatu kabla ya hapo.

Wenzangu kadhaa wanaohariri video hapa Nairobi walikuwa wameniona nikikisifu kishikwambi hicho, na wawili kati yao walikwisha kuniiga. Ni haki basi niwaeleze kwa urefu kile nilichokikosea, kwa sababu kishikwambi chenyewe bado ninakitumia kila siku, ila kwa namna tofauti kabisa na ile niliyowaonyesha.

Kipakatalishi changu ni cha inchi 14, cha mtumba, miongoni mwa vile vinavyoletwa kutoka ng'ambo baada ya kutumika maofisini na ambavyo wauzaji wa katikati ya jiji huviita "ex-UK". Skrini yake ina pikseli 1,920 kwa 1,080. Kwa anayeandika barua au kujaza hesabu, nafasi hiyo inatosha na kusaza. Kwa mhariri wa video, ni kama kupika pilau ya wageni hamsini kwenye jiko la mafuta la utambi mmoja. Harusi ya kawaida huniletea picha za kamera tatu, sauti ya kinasa kilichofichwa kwenye koti la bwana harusi, sauti ya mitambo ya kanisa, picha za droni na nyimbo, na vyote hivyo lazima vipangwe katika safu juu ya safu kwenye ukanda wa uhariri. Nikiupanua ukanda ili nizione safu zote, dirisha la picha hubaki dogo kama kiganja cha mtoto. Nikilipanua dirisha la picha, safu za chini hujificha, nami huanza kupandisha na kushusha ukanda siku nzima kama mtu anayeteka maji kisimani. Orodha ya vipande, vipimo vya sauti na vidhibiti vya rangi navyo vinataka mahali pa kukaa.

Kishikwambi nilikuwa nacho tayari. Ni Samsung Galaxy Tab A8, chenye skrini ya inchi 10.5 na pikseli 1,920 kwa 1,200, ambacho nilikinunua kwa ajili ya kusomea miswada. Ukitazama vipimo hivyo utaona jambo la kuvutia: picha ya video ya kawaida ya pikseli 1,920 kwa 1,080 huingia humo ikiwa nzima, pikseli kwa pikseli, na kuacha ukanda mweusi wa pikseli 60 juu na 60 chini. Ukikisimamisha wima, video za wima za pikseli 1,080 kwa 1,920, ambazo siku hizi kila mteja anazitaka kwa ajili ya TikTok, hukaa humo vilevile, na pembeni hubaki pikseli 60 kila upande. iPad za umbo la tatu kwa nne hazina bahati hiyo. Ile ya inchi 10.2 yenye pikseli 2,160 kwa 1,620 huacha weusi mpana zaidi juu na chini ya picha pana. Hesabu hiyo ndiyo iliyonipoteza. Nilijiambia kwamba kifaa kilichoumbwa kwa vipimo vya picha kamili kimeumbwa kuonyesha picha, na sikujiuliza picha hiyo inafikaje huko.

Njia za kuifikisha ni nyingi, na nitazipitia upesi. Wenye kompyuta za Mac na iPad wamepewa Sidecar tangu mwaka 2019, ilipotoka macOS Catalina pamoja na iPadOS 13. Vifaa vyote viwili vinatakiwa viwe vimeingia kwa akaunti moja ya Apple, na bila waya visiachane kwa zaidi ya mita 10. Kabla yake kulikuwa na Duet Display, iliyotoka mwaka 2014 na kubuniwa na mhandisi aliyewahi kufanya kazi Apple, ambayo ilitumia kebo. Samsung nayo iliweka uwezo wa skrini ya pili kwenye vishikwambi vyake vya daraja la juu kuanzia Galaxy Tab S7 ya mwaka 2020, lakini changu si cha daraja hilo. Mimi nilichukua spacedesk, ambayo huwekwa sehemu mbili: kiendeshi (driver) kwenye kompyuta ya Windows na programu ya kutazamia kwenye kishikwambi, kisha vyote viwili vikutane kwenye mtandao mmoja. Ni ya bure kwa matumizi ya binafsi, na kwa kuwa sisi tunalipwa kwa kazi hizi, inafaa kuyasoma masharti yake ya leseni kabla ya kuitegemea. Baada ya hapo unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P na kuchagua kupanua badala ya kurudufisha, na meza yako ya kazi inakuwa na vyumba viwili.

Hapo ndipo nilipopiga picha na kuwatumia wenzangu kwenye kikundi cha WhatsApp, nikijisifu kwamba sikutumia hata shilingi moja.

Ninakaa Umoja, katika jumba la ghorofa lenye familia nyingi, na siku nilipoketi mezani kuhesabu majina ya mitandao ya Wi-Fi iliyoonekana kwenye simu yangu nilifika 23. Karibu yote yalikuwa kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambako njia zisizogongana ni tatu tu. Picha ya kishikwambi changu ilikuwa ikipita katikati ya msongamano huo, ikigombea hewa na runinga za majirani. Nyakati za asubuhi ilitembea vizuri. Ifikapo saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani, ilikuwa ikiruka kama matatu kwenye matuta. Rauta yangu ina masafa ya gigahezi 5 pia, na kuhamia huko kulileta nafuu kubwa, maana masafa hayo hayapenyi kuta kwa urahisi na hivyo ya majirani hayanifikii sana. Jirani mmoja aliniuliza kama jambo hili halimalizi bando. Halimalizi, kwa sababu picha hutoka kwenye kompyuta, ikapitia rauta na kufika kwenye kishikwambi bila kutoka nje ya nyumba, na hufanya kazi hata siku ambayo intaneti imekatwa kwa kuchelewa kulipa.

Kebo ni bora kuliko Wi-Fi yoyote, lakini nayo ina mambo yake. Nilishuka mjini, nikaingia duka moja la vifaa karibu na Luthuli Avenue, nikamuuliza kijana aliyekuwa kaunta, "Boss, hii inabeba data?" Akanijibu, "Inabeba kila kitu, boss." Ilibeba moto wa kuchajia peke yake. Kebo nyingi za bei ya chini zina nyaya mbili za umeme bila zile mbili za data, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Dawa ni kwenda dukani na kifaa chako na kuijaribu papo hapo kabla ya kutoa pesa. Nilipopata kebo ya kweli niliwasha uwezo wa kishikwambi kugawa mtandao kwa njia ya USB, ili mawasiliano yapite kwenye waya. Vishikwambi vingine visivyo na laini ya simu havina chaguo hilo. Changu kina laini, na siku ya kwanza nilisahau kuzima data yake, kwa hiyo Windows iliona kwamba imepata intaneti mpya ya bure na ikaanza kujipakulia masasisho yake hadi bando la wiki likaisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo jibu nililompa jirani lina sharti hilo moja.

Hata kwa kebo, hata hivyo, picha huchelewa, na sababu yake ni hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mapema. Skrini ya pikseli 1,920 kwa 1,200, ikiwa kila pikseli inahitaji biti 24 na picha inabadilishwa mara 60 kwa sekunde, inadai zaidi ya megabiti 3,300 kila sekunde. USB 2.0, katika hali yake nzuri kabisa ya vitabuni, hupitisha 480. Waya wa HDMI wa skrini ya kawaida hubeba mzigo wote huo bila kuufinya, lakini kishikwambi hakina mlango wa kupokelea HDMI, isipokuwa vichache kama Lenovo Yoga Tab 13 iliyotengenezwa kwa mlango huo makusudi. Kwa vingine vyote, kompyuta lazima ipige picha ya skrini, iifinye kama inavyofinywa video ya kutumwa kwa simu, iitume, kisha kishikwambi kiikunjue na kuionyesha. Kila hatua inakula muda wake. Ukiandika barua hutaona lolote. Ukitazama midomo ya padre utaona, na kama hujui chanzo chake utamlaumu aliyenasa sauti.

Kuchelewa huko kunapimika bila kifaa chochote cha ziada. Weka skrini zote mbili ziwe zinarudufisha kitu kimoja, fungua saa ya kupimia mbio inayoonyesha sehemu za mia za sekunde, kisha zipige picha skrini zote mbili kwa pamoja ukitumia simu. Ukikuta kompyuta inasoma 12.48 na kishikwambi kinasoma 12.32, kimechelewa kwa milisekunde 160. Rudia mara kumi, kwa sababu jibu hubadilika. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, ambayo ndiyo desturi yetu hapa Kenya, fremu moja ina milisekunde 40, kwa hiyo 160 ni fremu nne. Hizo ndizo fremu nne za shangazi. Kwenye Wi-Fi ya saa mbili usiku nilipata hadi sita. Kwenye kebo nimekuwa nikipata mbili au tatu, na sijawahi kupata sifuri.

Tatizo hili lina ubaya wa pekee kwa sababu ya upande ambao kosa linaegemea. Sauti ilikuwa ikitoka kwenye kipakatalishi kwa wakati wake, na picha ikifika kwenye kishikwambi ikiwa imechelewa, kwa hiyo mimi nilisikia neno kabla ya kuuona mdomo. Jicho na sikio la binadamu havivumilii mpangilio huo. ITU, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia mawasiliano, kinaeleza katika pendekezo lake la BT.1359 kwamba watu huanza kutambua kosa sauti ikitangulia picha kwa takribani milisekunde 45, lakini sauti ikiwa ndiyo inayochelewa huweza kufika hadi takribani 125 kabla ya kutambulika. Tumezoea kuishi hivyo tangu utotoni: ukimtazama mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde, shoka hutua kwanza, na mlio hukufikia baadaye. Hakuna aliyewahi kuusikia mlio kabla ya shoka kutua. Basi mimi, nilipousikia mlio kabla ya shoka, nilikereka, nikaisogeza sauti nyuma hadi kila kitu kikaonekana sawa machoni pangu, na kumbe kwenye faili yenyewe nilikuwa nimeuchelewesha kwa milisekunde 160. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Video niliyoikabidhi ilikuwa na picha ya padre aliye karibu kiasi cha kuonekana jasho lake, na sauti ya padre anayesikilizwa kutoka umbali wa mita 54. Jamaa wengi hawakugundua. Shangazi aligundua, na kwa vipimo vya ITU alikuwa na haki.

Tangu siku hiyo nimejiwekea kanuni ninayoifuata bila kubembeleza: kinachotembea kibaki kwenye kompyuta, kinachotulia kiende kwenye kishikwambi. Dirisha la picha halivuki. Ukanda wa uhariri hauvuki, kwa sababu kishale cha kipanya nacho huchelewa kule, na kukata kipande kwa fremu moja ukitumia kishale kinachoburuta miguu ni mateso. Kinachovuka ni orodha ya vipande, ambayo sasa imetanuka hadi ninaiona sura ya kila kipande badala ya jina lake tu, na hilo peke yake limenipunguzia kazi kuliko nilivyotarajia, maana sehemu kubwa ya kuhariri harusi ni kutafuta: yuko wapi nyanya akipiga vigelegele, iko wapi ile picha ya mtoto aliyelala kwenye kiti cha mbele. Kinachovuka pia ni muswada, ratiba ya sherehe, maelezo ya mteja na majina yanayopaswa kuandikwa kwenye video. Ninapofanya filamu fupi za mashirika, tafsiri ya mahojiano hukaa huko, nami husoma Kiswahili upande mmoja huku nikisikia Kikamba au Kiluo upande mwingine bila kufunga na kufungua madirisha.

Katika programu ya kuhariria video ya Premiere Pro jambo hili ni rahisi, kwa kuwa karibu kila dirisha linaweza kung'olewa mahali pake na kuburutwa hadi skrini ya pili, kisha mpangilio mzima ukahifadhiwa kwa jina. DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariria, ina msimamo wake. Kuna mpangilio wa skrini mbili kwenye menyu ya Workspace, lakini programu yenyewe ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa nini kikae wapi, na wewe unakubali. Skopu zake za rangi, yaani grafu zinazopima mwangaza na rangi za picha, zinaweza kufunguliwa kama dirisha la peke yake, na hizo ndizo kitu kimoja kinachotembea ambacho ninakiruhusu kuvuka. Skopu ikichelewa kwa fremu tatu hainidhuru, kwani ninaisoma wakati picha imesimama.

Rangi zenyewe ni habari nyingine. Kishikwambi changu kina kioo kizuri kuliko kipakatalishi changu, na mtu yeyote akivitazama bega kwa bega atasema rangi za kweli ni za kishikwambi. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipohariri sherehe ya kina mama waliovaa leso. Kwenye kishikwambi, usemi ulioandikwa kwa wekundu pindoni mwa leso ulionekana umevuja kama wino kwenye karatasi yenye maji. Nikaona kamera imeniangusha. Kwenye kompyuta maandishi yaleyale yalisomeka vizuri. Sababu ni ule ufinyaji: ili kupunguza mzigo, kila pikseli hutumiwa mwangaza wake, lakini rangi hugawanywa kwa kundi la pikseli nne, na mahali pa kwanza panapoumia ni ncha kali za wekundu uliokolea. Ongeza hapo mwangaza unaojipandisha na kujishusha wenyewe kila wingu linapopita dirishani, na kichujio cha jioni kinachoipa picha nzima umanjano, na utaelewa kwa nini sirekebishi rangi nikitazama skrini hiyo. Vyote viwili nimevizima, na bado sirekebishi.

Ila kuna njia moja ambayo kishikwambi kilekile huwa shahidi mzuri wa rangi na wa sauti pia, nayo ni kukiondoa kabisa kwenye kompyuta. Nikimaliza kazi, ninaitoa faili, ninainakili ndani ya kishikwambi na kuicheza humo humo. Hapo hakuna kufinywa mara ya pili wala kuchelewa, na midomo na sauti hutoka kwenye kifaa kimoja. Watazamaji wangu wengi watatazama kwenye simu ambazo vioo vyake vinafanana na kioo hiki, si kwenye kioo cha kipakatalishi cha mtumba. Mteja akija, ninamkabidhi kishikwambi mkononi, anaketi kwenye kochi na chai yake, anasimamisha picha anapotaka, nami ninaandika anachosema. Zamani alikuwa akisimama nyuma ya bega langu akinyoosha kidole kioo kizima kikajaa alama.

Jambo ambalo sikulitarajia ni faida yake stima inapopotea. Mwenzangu wa Kayole ana skrini ya inchi 22 nzuri sana, na stima ikienda skrini hiyo huzimika palepale, madirisha yote yaliyokuwa juu yake hurukia kwenye kipakatalishi na kurundikana, naye hubaki akiyapanga gizani. Kishikwambi kina betri yake. Lakini rauta haina, na kama umekiunganisha kwa Wi-Fi matokeo ni yaleyale ya Kayole, hoja nyingine ya kushikilia kebo. Kebo nayo ina gharama: kishikwambi hunyonya betri ya kipakatalishi, kwa hiyo wakati wa giza ninakishusha mwangaza, na kama kuna faili ya mwisho inayotolewa ninakichomoa kabisa. Kukichomoa wakati wa kutoa faili ni desturi nzuri hata stima ikiwepo, kwa sababu kompyuta inayofinya video yako huku ikifinya na picha ya skrini kila mara ni kama punda aliyepakiwa magunia na mwenyewe akapanda juu.

Nimekitumia pia nje, kwenye hema, siku ambazo maarusi wanataka kipande kifupi cha ibada ya asubuhi kionyeshwe kwenye karamu ya mchana. Unaketi nyuma ya meza ya keki, jenereta inanguruma, waya wa umeme umepita chini ya miguu ya wapishi, na una saa mbili. Skrini kubwa haiwezi kufika pale. Kishikwambi hufika kwenye mkoba, ingawa jua likipenya pembeni ya hema kioo hugeuka kuwa cha kujitazamia uso.

Kama bado huna kishikwambi na unafikiria kukinunua kwa kazi hii tu, usikinunue. Kwa pesa hizo au pungufu utapata mjini skrini ya mtumba ya inchi 22 iliyotoka ofisini, yenye waya wa HDMI, isiyochelewa, na nafasi maradufu. Kishikwambi kina maana kwa aliye nacho tayari, kwa anayehamahama, na kwa anayeishi mahali ambapo meza ya kazi ndiyo meza ya chakula. Kumbuka vilevile kwamba pikseli zake zimebanana: changu kina takribani 216 kwa inchi, na kipakatalishi 157, kwa hiyo maandishi yaleyale huonekana madogo zaidi kule. Nikiyakuza kwa asilimia 150 yanasomeka, lakini nafasi ya kweli inashuka hadi ile ya pikseli 1,280 kwa 800. Mimi nimechagua asilimia 125 na kukisogeza karibu. Kimesimama juu ya kibao alichonichongea seremala mmoja wa Gikomba, ambaye alidhani ni cha kuwekea Biblia na akakipamba kwa msalaba mdogo. Sikuuondoa.

Video ya harusi niliirekebisha usiku uleule. Niliishika sauti ya ibada, nikairudisha fremu nne mahali ilipokuwa tangu mwanzo, nikaitazama yote kwenye kipakatalishi, kisha yote tena ndani ya kishikwambi kikiwa peke yake, na Jumamosi nikaituma. Shangazi alinipigia Jumapili baada ya misa. Alisema padre sasa yuko sawa, ananena na mdomo wake, na Mungu anibariki. Lakini kwenye dakika ya 19 jina la mjomba aliyetoa hotuba limeandikwa vibaya, na mjomba mwenyewe ameliona. Orodha ya majina aliyonitumia ilikuwa kwenye simu yangu. Jumatatu asubuhi nilianza kwa kuihamishia kwenye kishikwambi.